Wekundu gani, kwa ngozi gani?

Ati "ukiona wekundu, mgeuze mgonjwa." Wekundu gani sasa?

Mmeona ile picha inazunguka kwa magrupu ya WhatsApp: hatua 4 za vidonda vya kitandani, mgongo wa Mzungu, hatua ya kwanza doa la waridi. Halafu ulinganishe na shosho yako mweusi tititi. Utaangalia mpaka kesho. Hata lile jaribio la kubonyeza kuona kama rangi inafifia, kwetu mara nyingi halionyeshi kitu.

Kwa ngozi nyeusi, dalili ya kwanza inaweza kuwa tu weusi uliozidi, ama rangi ya zambarau, na ngozi bado ni nzima. Kwa hivyo tumia mkono. Pana joto kuliko pembeni, ama baridi? Pamekuwa pagumu, ama panabonyea kama ndizi iliyoiva sana? Panamuuma? Kagua juu tu ya matako, nyonga, visigino, viwiko, kisogo. Kila siku ukimwosha, kwa mwanga wa dirisha. (Na msipasugue na mafuta, tafadhali. Mnaharibu zaidi.)

Hatua ya pili ngozi imechubuka ama imefanya lengelenge. Hapo ndipo familia hushtuka, wakati ile ya bure imeshapita. Ya tatu ni shimo, unaona mafuta ya chini ya ngozi. Ya nne unaona msuli, hata mfupa. Halafu kuna kile kimefunikwa na gamba jeusi, watu wanasema "kimekauka, kinapona." Wapi! Chini ya gamba hujui kina, hata daktari hawezi kukipa hatua. Usilibandue, mpeleke hospitali.

Kinachoniudhi ni hiki. Mgonjwa wa kiharusi anaruhusiwa kwenda nyumbani, familia inapewa dawa na risiti. Hakuna aliyeshika mkono wa dada wa kazi akamgusisha kisigino. Wiki kadhaa baadaye wanarudi na shimo, na ni huyo dada anaulizwa, "Kwani ulikuwa unamfanyia nini?"

Aliambiwa atafute wekundu. Hakuuona, kwa sababu haukuwepo.

Nesi unayesoma hii, kabla hujampa mgonjwa ruhusa ya kwenda, mgeuze mbele ya anayemlea, na uweke vidole vyake pale. Si vyako. Vyake.