Jikoni Mwetu: Tosti ya Kamba ya Kichina Isiyo na Shaka



Wiki chache zilizopita, tukiwa harusini na biriani imekwisha kuliwa, mama mmoja msomaji wa safu hii alinivuta kando. Bintiye wa mwisho, anayesoma chuo Nairobi, alialikwa na wanafunzi wenzake katika hoteli moja ya vyakula vya Kichina. Miongoni mwa vilivyoletwa mezani ilikuwamo tosti ya kamba: vipande vya mkate vilivyopakwa kamba waliosagwa, vikanyunyiziwa ufuta na kukaangwa. Binti alikula vipande vitatu, kwani alidhani penye mkate na kamba hapana pa kutilia shaka. Alipomwuliza mhudumu namna vinavyotengenezwa, alijibiwa kwamba kamba husagwa pamoja na mafuta ya nguruwe.

Tangu siku hiyo binti hakukubali tena mwaliko wowote wa wenzake. "Hakukusudia," mama yake aliniambia, "lakini amejihukumu mwenyewe, na sasa anakula peke yake."

Hukumu ya aliyekula asijue si kazi ya mpishi. Mama huyo alikwisha kuwauliza masheikh, naye akapata jawabu la kumtuliza mwanawe. Swali aliloniletea mimi lilikuwa la jikoni: je, chakula hiki chaweza kupikwa nyumbani, kikawa halali, na utamu wake usipotee?

Chaweza. Ila anayetaka kuondoa kitu katika chungu ni lazima kwanza ajue kitu hicho kilitiwa kwa kazi gani.

Tosti ya kamba ni chakula cha Wakantoni, watu wa kusini ya China, upande wa Guangzhou na Hong Kong. Wao huiita "ha do si". "Ha" ni kamba, na "do si" ni neno la Kiingereza la mkate wa kuchoma, lililogeuzwa kwa matamshi yao, kama sisi tulivyochukua "meza" kwa Wareno tukaifanya yetu. Ni chakula cha miji ya bandari, ambako mkate wa Wazungu ulikutana na kamba wa Wachina. Kimesafiri hata Nagasaki huko Japani, ambako hujulikana kama "hatoshi".

Katika mapishi ya asili, mafuta ya nguruwe hutiwa ili kamba wasikauke karaini na wawe laini ndani. Mvinyo wa mchele nao hutiwa ili kukata shombo. Hizo ni kazi mbili tu, na zote mbili zina wafanyakazi wengine. Ulaini utapatikana kwa mafuta ya kuku uliyemchinja mwenyewe: yaengue juu ya supu ikishapoa. Shombo litakatwa na maji ya tangawizi na pilipili manga nyeupe. Wala tusidhani kwamba kufanya hivyo ni kukiharibu chakula cha wenyewe. China ina Waislamu wa karne nyingi. Msikiti wa Huaisheng, ulioko Guangzhou hiyo hiyo, ni miongoni mwa misikiti mikongwe kabisa ya nchi ile. Waislamu hao wana mapishi yao halali, wanayoyaita "qingzhen", na hakuna anayewaambia kwamba chakula chao si cha Kichina.

MAHITAJI (vipande 32)

Kamba robo tatu ya kilo wakiwa na vichwa (wakimenywa watabaki kiasi cha gramu 350 hadi 400)
Mkate wa boflo wa jana, slesi 8
Ute wa yai 1
Kornflawa, kijiko kikubwa 1
Mafuta ya kuku yaliyopoa, kijiko kikubwa 1 (yakikosekana, mafuta ya kupikia)
Chumvi, nusu kijiko cha chai
Sukari, nusu kijiko cha chai
Pilipili manga nyeupe, robo kijiko cha chai
Maji ya tangawizi iliyokunwa na kukamuliwa, kijiko cha chai 1
Mafuta ya ufuta, kijiko cha chai 1
Vitunguu vya majani, miche 2, vikatwe vidogo sana
Ufuta mweupe, nusu kikombe
Mafuta ya kukaangia, nusu lita au zaidi kidogo

NAMNA YA KUTAYARISHA

Jumamosi moja nilikwenda nyumbani kwa mama yule, tukaingia jikoni watatu: yeye, bintiye na mimi. Nakiri kwamba mkupuo wa kwanza uliharibika, na aliyeuharibu ni mimi. Nilinunua boflo la asubuhi ile ile, laini kama pamba. Kamba nikawaosha na kuwasaga wakiwa bado wanachuruzika maji. Kisha, kwa haraka ya kutaka kumfurahisha binti, nikatia vipande karaini kabla mafuta hayajapata moto. Kamba wakabanduka, na mkate ukanywa mafuta hata ukawa mzito. Binti alikishika kipande kwa ncha za vidole, akasema kwa adabu, "Shangazi, hiki kikikamuliwa kitatosha kukaangia bajia." Mama yake akamkanya, lakini alisema kweli. Basi tulianza upya, na haya ndiyo tuliyoyafanya.

Kwanza, kamba. Wamenye, uwapasue mgongoni na kuutoa ule mshipa mweusi. Waoshe upesi kwa maji baridi, kisha wakaushe kwa kitambaa safi mpaka kitambaa kisilowe tena. Waweke kwenye friji nusu saa. Theluthi mbili wakate na kuwaponda kwa ubapa wa kisu mpaka wawe rojo. Theluthi iliyobaki wakate vipande vidogo tu, ili anayekula ajue kwamba anakula kamba. Vichwa na maganda usivitupe. Vichemshe upate supu ya kupikia wali.

Tia chumvi peke yake kwanza, ukoroge kwa nguvu upande mmoja kwa dakika tatu au nne. Chumvi huitoa protini ya kamba, na rojo huanza kunata lenyewe. Mnato huo ndio gundi itakayoishika nyama na mkate. Rojo likishanata, tia ute wa yai, kornflawa, sukari, pilipili manga, tangawizi na mafuta ya ufuta. Kisha tia mafuta ya kuku, na mwisho vitunguu. Kaanga kipande kidogo uonje chumvi, kwani mchanganyiko ukishapakwa hauna marekebisho.

Pili, mkate. Boflo la jana ni bora kwa sababu limepoteza maji. Ukiwa na la leo tu, kata kingo, uzipange slesi katika tanuri yenye moto mdogo kwa dakika tano au juani kwa muda, zikauke bila kugeuka rangi. Paka kamba mpaka ukingoni kabisa, kwa unene wa nusu sentimita, na katikati pawe juu kidogo. Mimina ufuta katika sahani, ukandamize upande wa kamba humo. Weka slesi kwenye friji dakika ishirini, kisha kata kila moja pembetatu nne kwa kisu kikali.

Tatu, moto. Mafuta yafike nyuzi 170. Asiye na kipimo atie kipande kidogo cha mkate mtupu: kikiwa rangi ya dhahabu kwa muda wa dakika moja, mafuta yako tayari. Tia vipande vinne au vitano tu kwa mara moja, upande wa kamba ukiwa chini. Hili ndilo wengi hulikosea, wakatanguliza mkate. Kamba ndio wanaohitaji muda. Waache dakika moja na nusu hadi mbili, mpaka ufuta uwe wa dhahabu, kisha geuza upande wa mkate kwa nusu dakika tu. Ufuta ulioanguka uchote kwa chujio kila mara, maana ukiungua huyatia mafuta uchungu.

Vipande ukivitoa, visimamishe kwa ubavu juu ya waya au chekecheke. Usivilaze juu ya karatasi wala usivifunike. Mvuke ukikosa njia hurudi ndani ya mkate, na ukavu wote ulioutafuta ukapotea. Wakantoni hula kwa sosi tamu yenye pilipili. Sisi tulikula kwa chatne ya ukwaju, tukaridhika.

Kwa wanaofikiria futari: vipande vibichi hugandishwa kwenye trei, kisha hutiwa katika mfuko na kukaa mwezi mmoja. Vikaange vikiwa bado na barafu, kwa moto mdogo kidogo.

Mambo mawili kabla sijaaga. Kwa madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata wengi wetu hapa pwani, kamba ni halali. Baadhi ya wanazuoni wa Kihanafi wana rai tofauti, basi mgeni wako akisita usimshurutishe. Mwulize pia kama kamba humdhuru, kwani wapo ambao kipande kimoja huwavimbisha midomo. Na ukiwa hotelini, uliza maswali matatu kabla ya kuagiza: rojo la kamba limetiwa mafuta gani, limetiwa mvinyo, na karai lile hukaangiwa nini kingine? Kuuliza si ujinga, wala si kumvunjia mtu heshima. Mpishi mwaminifu hujibu.

Mkupuo wa pili binti aliukaanga mwenyewe. Alikula vipande vitatu, idadi ile ile ya hotelini, kisha akaomba kalamu akanakili vipimo nyuma ya bahasha. Juzi mama yake alinipigia simu kunijulisha kwamba safari hii mwaliko umetoka kwa binti: amewapikia wenzake wote huko Nairobi, na sahani imerudi tupu. Mmoja wao alimwuliza amewezaje bila mafuta yale, naye akamweleza kazi ya kuku na tangawizi kama mwalimu.

Tukutane wiki ijayo, inshallah.