Niacheni Nimshangilie Mgeni

Kila mwaka timu zetu zikivuka hatua ya makundi Afrika, hotuba ni ile ile. Kiongozi anasimama mbele ya vipaza sauti, anatuambia kwamba timu ikishafika robo fainali si ya Msimbazi tena wala ya Jangwani, ni ya taifa, na anayemshangilia mgeni hana uzalendo. Kesho yake magazeti yanabeba, redio zinabeba, na kufika Ijumaa hapa Kariakoo sisi wengine tumeshakuwa wasaliti.

Mimi ni Yanga. Nimewashangilia TP Mazembe, Kaizer Chiefs, Orlando Pirates, Wydad na Al Ahly, kwa mpangilio huo, maana hao ndio walioitoa Simba robo fainali kuanzia 2019 hadi 2024. Mara tano ndani ya miaka sita. Tukampa mtani jina la Mwakarobo, na jina likamkaa kama limetoka kwa babu yake. Katika hayo yote sijauza siri ya nchi wala sijakwepa kodi. Nilicheka tu. Nataka kujua kucheka kwangu kumemvunjia nani nyumba.

Tuanze na umri, maana wanaotuhutubia wanazungumza kana kwamba klabu hizi ni idara za serikali. Yanga ilizaliwa 1935. Mwaka uliofuata kundi likajitenga, likapita majina kadhaa, likaitwa Sunderland, na 1971 ndipo likawa Simba. Uhuru ulikuja 1961, Muungano 1964. Wakati wazee wetu wanagombana kwa ajili ya mpira katika mitaa hii, hapakuwa na taifa la kuwakilisha, kulikuwa na Mwingereza. Ugomvi wetu ni mkubwa kwa umri kuliko bendera. Kutoka jengo la Msimbazi hadi la Jangwani unatembea kwa miguu, soda uliyoshika haijapata moto. Watu wanaoishi karibu hivyo kwa karibu miaka 90 bila kuhamana wameshatafuta namna yao ya kuishi, na namna hiyo ina jina. Inaitwa utani.

Hapa ndipo wasomi wetu wananikera zaidi ya wanasiasa. Mwanasiasa nitamsamehe, anatafuta umati. Lakini mtu aliyesoma, anayejua kabisa Wazaramo na Wanyamwezi walivyotaniana tangu enzi za misafara, anayejua mtani anavyoingia msibani na kudai alipwe kwanza ndipo ashike jembe, huyo naye anaandika makala eti ushabiki wa Simba na Yanga ni ushamba unaotakiwa kukomeshwa ili tuwe kama Waingereza. Sijui Waingereza wepi. Nenda Manchester kamwombe shabiki wa City aishangilie United kwa sababu ya uzalendo, uone utakavyojibiwa.

Mtani ana haki ya kufurahia anguko lako. Ni haki, siyo kosa linalovumiliwa. Na haki hiyo ina wajibu wake, ambao nitaufikia.

Najua hoja yao nzito, nisijifanye sijaisikia. Pointi za CAF. Nchi 12 za juu zinaingiza timu mbili Ligi ya Mabingwa na mbili Kombe la Shirikisho, na Tanzania imo humo kwa sehemu kubwa kwa jasho la Simba. Kweli kabisa. Robo fainali zile nilizozicheka zilitufungulia mlango na sisi. Nakiri, na Mnyama nampa heshima yake. Lakini pointi zile zilipatikana uwanjani, huku mimi nikiwa kwenye benchi mtaani nawashangilia wapinzani kwa mapafu yote. Kama dua yangu ingekuwa na nguvu hizo, Simba isingevuka hata makundi. Ama dua zangu hazifanyi kazi, basi niacheni niombe, ama zinafanya kazi, basi Yanga iniajiri.

Sasa tuseme ukweli kuhusu nani anaziumiza timu zetu. Mei 2025 Simba ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho, ya kwanza kwao barani tangu ile ya 1993 waliyofungwa na Stella ya Abidjan hapa hapa Dar. Walikuwa wamelala 2-0 Morocco kwa RS Berkane, wanahitaji kupindua nyumbani. Na nyumbani kwao kila mtu anajua: kwa Mkapa hatoki mtu. Uwanja wa watu 60,000. Al Masry aliingia pale Aprili akiwa na mabao mawili mfukoni, akatoka hana kitu. Fainali ikachezwa wapi? Amaan, Zanzibar, uwanja mzuri, lakini watu wake ni kama 15,000. Kwa nini? Kwa sababu CAF iliona nyasi za Mkapa hazifai. Mvua ilinyesha, sawa, lakini mvua ya masika si mgeni Dar es Salaam, inakuja kila mwaka na tarehe zake tunazijua.

Yaani timu ya taifa letu sote, ile niliyoambiwa nikiicheka ni msaliti, ilikosa mashabiki 45,000 kwa sababu ya majani. Mimi na jezi yangu ya kijani sikuyakanyaga majani yale. Nikasubiri mtu aitwe msaliti kwa hilo. Nasubiri hadi leo.

Na kabla ya hapo, tarehe 28 Mei 2023, Yanga ilipocheza fainali yake na USM Alger pale Mkapa, watu walisukumana kuingia, mtu mmoja akafa na wengine wakaumia. Aliyekufa alikuwa amekwenda fainali ya timu ya nyumbani, kama hotuba zilivyotaka. Mashabiki wa Simba walioishangilia Alger siku ile walikuwa vijiweni mwao, wamekaa kwenye viti, hawajamsukuma mtu. Uzalendo ungeanzia kwenye mageti yanayofunguka mapema, mimi ningekuwa wa kwanza kuimba.

Wala sisemi kila kitu kinaruhusiwa. Anayerusha chupa, anayemtukana mama wa mtu, anayempiga mwenzake kwa sababu ya rangi ya fulana, huyo simtetei, na msimwite shabiki wala mtani. Mtani hapigi. Siku hizi vijana wa mikeka nao wamevuruga mambo, mtu anakuwa na hasira ya shilingi elfu ishirini halafu anaiita mapenzi ya klabu. Huyo naye muwekeni pembeni.

Nilisema kuna wajibu. Mjomba wangu alikuwa Simba, mwenye duka la vitenge, na kijiwe chetu kilikuwa mbele ya duka lake. 2023 Alger walipopata bao la pili, dakika mbili tu baada ya Mayele kusawazisha, alinunulia benchi zima soda. Alger wanavaa nyekundu, akasema hakuhitaji hata kununua jezi mpya. Tulipokwenda kushinda 1-0 kwao na bado kombe likabaki huko kwa bao la ugenini, alinipigia simu akanipa pole kwa sauti ya kisomo, kama nimefiwa. Nilikata simu.

Lakini Aprili 2024, shuti la Aziz Ki lilipogonga mwamba kule Pretoria na refa akasema halikuvuka mstari, Yanga ikatolewa kwa penalti na Sundowns, nani alibishana wiki nzima kwamba lile ni goli? Mjomba. Alichora mstari kwa chaki sakafuni dukani, akaweka chungwa, akawaonesha wateja. Nikamuuliza, si ulikuwa unawashangilia Sundowns? Akasema: "Mjomba, kukuibia wewe ni haki yangu mimi. Hawa Wasauzi wameipata wapi?"

Usiku ule Simba ilipoing'oa Al Masry kwa penalti, 9 Aprili 2025, alinipigia. Hakusalimia. "Niite Mwakarobo tena." Halafu akacheka mpaka akakohoa. Siku chache baadaye alifariki, kabla ya nusu fainali.

Msiba wake ulikuwa wa Yanga. Turubai tulifunga sisi, wali tulipika sisi, na jeneza lilipotoka ndani kuelekea Kisutu mabega ya mbele yote yalikuwa ya Jangwani. Mzee mmoja wetu alipoketi kwenye mkeka akasema kwa sauti, watu wote wasikie, "Huyu kaona nusu fainali inakuja, kakimbia." Mke wa mjomba alikuwa hajala tangu jana yake. Alicheka huko ndani, tukamsikia. Baadaye akaomba chai.

Kiongozi gani mwenye hotuba ya umoja angeweza kumtania mjane yule na akaombwa akae?

Tarehe 25 Mei tulikusanyika mbele ya duka kama kawaida, televisheni ileile. Berkane wanavaa rangi ya chungwa, kwa hiyo nilinunua machungwa ya Muheza, nikayamenya, nikagawa kwa kila Yanga aliyefika. Mutale alifunga mapema, upande wa pili wa benchi ukawaka. Mukwala akafunga, VAR ikalikataa, tukapumua. Dakika za nyongeza Berkane wakasawazisha na nikaruka nikapiga kelele hadi sauti ikaniisha. Sikuwaza taifa hata kidogo. Nilikuwa nalipa deni la soda ya 2023.

Kisha binamu yangu, mtoto wa marehemu, Simba wa kuzaliwa, akaokota chungwa lililobaki kwenye beseni. Akasema baba yake angelikataa. Akalimenya, akakata nusu, nusu akanipa mimi, tukakaa tunawatazama Wamorocco wanapokea kombe letu.