Mguu Bandia Katika Jua la Moshi

Mwezi wa Februari, kabla ya mvua za masika, jua la Moshi huwa kali. Mji upo kwenye mwinuko wa mita zipatazo 800, na ijapokuwa theluji ya Kibo huonekana asubuhi kutoka sokoni, baridi yake haiwafikii walio chini. Mwanafunzi aliyekatwa mguu juu ya goti, akisimama gwaride na kisha kwenda darasani kwa mguu bandia, hukabiliana na joto ambalo mwenzake wa miguu miwili halijui.

Walimu wengi hudhani kwamba shida yake ni kutembea tu. Hilo ni kosa, tena kosa ambalo fizikia wanayoifundisha wao wenyewe ingelisahihisha. Mwili hujipoza hasa kwa jasho. Gramu moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoka na joto la jouli zipatazo 2,400. Jasho lisilokauka halisaidii kitu. Katika hesabu wanayotumia madaktari kukadiria majeraha ya moto, mguu mmoja wa mtu mzima una asilimia 18 ya ngozi yote ya mwili. Aliyekatwa juu ya goti amepoteza sehemu kubwa ya ngozi hiyo, na iliyobaki kwenye kigutu imefungiwa ndani ya kikombe cha plastiki kisichopitisha hewa. Humo jasho hutoka lakini halikauki. Isitoshe, kutembea kwa mguu bandia hudai nguvu nyingi zaidi, na misuli hutoa joto jingi zaidi. Ni kama kiwanda kilichoongezewa kazi huku madirisha yake yakizibwa.

Wakazi wa Marangu, mamia ya mita juu ya mji, wana nafuu kidogo, kwani kwa kila mita 100 za kupanda joto la hewa hupungua kwa takribani nyuzi 0.6. Lakini njia za huko ni za miinuko, na kile ambacho hewa imekipunguza, mlima hukirudisha kwa jasho.

Ngozi inayoloweshwa mchana kutwa hulainika, huchubuka na kutoka harara, na vijidudu hustawi humo. Kidonda kidogo tu chaweza kumlazimu mtu aache mguu wake kwa siku nyingi, na kwa mgonjwa wa kisukari hatari ni kubwa zaidi. Kwa hiyo wanaoliita jambo hili suala la starehe hawajalitazama vizuri. Mguu usiovumilika wakati wa joto huishia nyuma ya mlango, hata uwe umetengenezwa kwa ustadi gani, na mwenye nao huishia nyumbani.

Moshi ndipo mahali pa kulisema hili. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na tangu mwaka 1981 mji huu una chuo cha TATCOT, ambacho kimewafunza mafundi wa viungo bandia kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Mafundi wanaojifunzia katika jua hili wanastahili kulihesabu joto kuwa sharti la kwanza la usanifu, lipimwe pamoja na uzito na uimara. Lisingoje kusikika kama lalamiko baada ya mguu kukamilika.

Wakati huohuo shule zaweza kutenda mengi bila gharama. Mwanafunzi huyo aruhusiwe kukaa kivulini wakati wa gwaride, anywe maji anapohitaji, na wakati wa mapumziko apewe chumba chenye mlango unaofungika, avue mguu, akaushe kigutu kwa kitambaa safi na kuvaa soksi nyingine kavu ya pamba. Asikae muda mrefu mno bila mguu, maana kigutu huweza kuvimba kikakataa kurudi kikombeni. Kuosha kigutu na kikombe kwa sabuni kufanywe jioni, ili asubuhi vyote viwe vikavu. Naye anayetaka kutoboa kikombe kwa msumari wa moto ili hewa ipite azuiwe kabisa: tundu hukidhoofisha, na kingo zake hukata ngozi. Kazi hiyo ipelekwe kwa fundi.