REDIO IKIGONGA, TUSIMSHIKE MWENYE MASHINE



Tumesikia maneno yanayopita kwamba mashine ya kusaga ifungwe kila jioni, eti ndiyo inayoharibu taarifa ya habari kwenye masafa mafupi. Sisi tunapinga. Akina mama wanaorudi shamba jua likizama watasaga saa ngapi?

Kelele hazifanani. Ile ya karibu, ya mota au ya boksi la sola, hutanda redio nzima. Peleka mshale mita 49, peleka mita 25, bado inanguruma. Ukitembea na redio kwenda mbali inafifia. Ya rada hukaa sehemu yake tu ya mshale, inapiga wiu, wiu, wiu bila kuchoka, na hata porini kusiko na mashine utaikuta ile ile.

Mtauliza rada ya wapi, na bahari hatuioni? Mawimbi ya masafa mafupi hupanda angani, hurudishwa na tabaka la juu, yakatua mbali sana. Ndivyo tunavyopata idhaa za Ulaya hapa Nangwa, na kelele nazo huja kwa njia hiyo hiyo. Kati ya 1976 na 1989 dunia nzima ilisumbuliwa na mgongo wa mara 10 kwa sekunde, kama ndege kigong'ota. Wasikilizaji wa nchi mbalimbali walilinganisha upande inakotokea, ikajulikana: rada kubwa ya Muungano wa Kisovieti, huko Ukraine, ikivizia makombora ya Marekani. Ile haikuwa ya pwani. Siku hizi zipo za pwani, zinazopima mikondo ya bahari. Mkutano wa dunia wa redio wa 2012, Geneva, ulizitengea sehemu zake na kutaka zijitaje kwa alama za Morse kila dakika 20. Sehemu hizo si za idhaa. Kwa hiyo namba ya kwenye mshale ina maana kubwa, iandikeni.

Jumamosi saa 1 usiku mwenye mashine amekubali kuizima dakika 10. Wenye redio tufike, na wa sola wazime pia. Kelele ikinyamaza, tutazungumza naye kiungwana. Isiponyamaza, daftari lipo dukani kwa ushirika: andika tarehe, saa, namba na sauti yenyewe. Likijaa wiki mbili tutalipeleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, maana masafa ya nchi ndio wanaoyasimamia. Kalamu njooni nayo, ya dukani imeshapotea.