Kompyuta ya radio ikijaa, sauti za wahami zisifutwe

Kila mara kompyuta ya radio ya jamii inapoonyesha kwamba diski imejaa, neno la kwanza kusikika studio ni lile lile: virusi. Fundi anaitwa, anatazama dakika tano, anafuta vyote na kuweka Windows mpya. Analipwa dola zake na matangazo yanaendelea. Kesho yake mama aliyehama anakuja kuuliza kama tangazo la mtoto wake aliyepotea njiani litarudiwa. Anajibiwa kwamba limeenda na virusi. Tabia hiyo lazima ikome.

Huku Kivu na Ituri kuna familia zilizokimbia mara mbili, mara tatu, na zingine ziliacha karatasi zote nyumbani. Kwao radio ni daftari. Ndani ya ile kompyuta kuna majina ya watoto wanaotafutwa na sauti za wazee walioeleza vijiji vyao vilivyoachwa. Kufuta diski ni kuwafukuza watu hao mara nyingine.

Virusi vipo, hakuna anayekataa. Klé USB inatoka mkono hadi mkono na inabeba mengi. Lakini nafasi ya diski haipotei hewani. Ikipungua kwa ghafla, kuna kitu kimeikalia, na kitu hicho kinaonekana na kinapimika. Fungua Paramètres, kisha Système, kisha Stockage: kompyuta yenyewe inasema nini kimekula kiasi gani. Programu ya bure iitwayo WinDirStat inaonyesha kila folda kwa ukubwa wake, na ikishawekwa haidai intaneti. Fundi asiyefanya hivyo kabla ya kufuta hajatafuta ugonjwa, amekisia tu.

Wakosaji wa kawaida wanajulikana. Wa kwanza ni Windows yenyewe. Siku radio inapopata intaneti, inapakua masasisho kimyakimya. Baada ya sasisho kubwa, mfumo wa zamani unabaki katika folda iitwayo Windows.old, na folda hiyo inaweza kufikia gigabaiti 10 na zaidi. Kwa kawaida huondoka yenyewe baada ya siku 10. Watu wangapi wamefutiwa kazi ya miaka kwa jambo ambalo lingeisha kwa siku 10?

Mwingine ni kazi ya studio. Audacity, kwa mipangilio yake ya kawaida, inakula zaidi ya gigabaiti 1 kwa saa moja ya sauti ya stereo. Saa mbili kwa siku, mwezi mmoja, ni zaidi ya gigabaiti 70. Diski ya gigabaiti 120, ambayo Windows inaisoma kama 111 hivi, itapumua wapi? Saa hiyo hiyo ikigeuzwa MP3 ya kilobiti 128 inachukua megabaiti 58 tu. Na umeme ukikatika kabla ya kuhifadhi, Audacity inaweka rekodi katika folda ya muda ili uirudishe utakapoifungua tena. Anayefagia folda za muda bila kuuliza anaweza kufagia mahojiano ya asubuhi. Tena, katika orodha ya Fichiers temporaires, folda ya Téléchargements inaweza kuwa ndani. Ondoa alama yake kwanza, maana humo ndimo sauti nyingi zinazotumwa kwa WhatsApp huishia.

Mafundi watasema umeme ni wa saa chache na hawana muda. Kutazama Stockage ni dakika chache, na kuweka Windows upya ni nusu siku. Basi muda si sababu. Sababu ni kwamba kufuta ni rahisi na hakuna anayedai hesabu.

Lakini lawama si ya mafundi peke yao. Wakurugenzi wa radio wanasaini malipo bila kuuliza kilichofutwa. Nayo mashirika yanatoa kompyuta mbele ya kamera, yanapiga picha na kuondoka, bila diski ya nje ya kutunza nakala na bila siku moja ya mafunzo. Msaada wa namna hiyo unajaa haraka kuliko diski.

Kinachodaiwa si kikubwa. Kwanza, kutazama. Pili, kunakili sauti na orodha kwenye diski mbili za nje, moja ikae mbali na studio, kwani vita na wezi hawabishi hodi. Tatu, ndipo kufuta kisichohitajika, na mhariri awepo. Fundi atakayefuta kabla ya hayo asilipwe hata franka moja. Nao wahami wana haki ya kuuliza kwenye radio yao: sauti zetu zimewekwa wapi?