Zari Anajadiliwa Kila Siku, Biashara Yake Haiguswi

Septemba 2017 mwanamuziki Diamond Platnumz alikaa kwenye studio ya Clouds FM jijini Dar es Salaam na kukiri hewani kwamba ndiye baba wa mtoto wa mwanamitindo Hamisa Mobetto. Wakati huo alikuwa na uhusiano na Zari Hassan, Mganda anayeishi Afrika Kusini, na tayari walikuwa na watoto wawili. Alisema kwa kinywa chake, akaomba radhi taifa zima likimsikiliza. Lakini habari zilizofuata zilikuwa za vita ya wanawake wawili: Zari kamjibu Mobetto, Mobetto kamrushia dongo Zari, nani kavaa nini, nani kaposti nini saa ngapi. Aliyekiri akaachwa akae pembeni kama mtazamaji wa mechi isiyomhusu.

Huo ndio mtindo ambao vyombo vya habari vya Afrika Mashariki vimeutumia kwa Zari kwa takriban muongo mmoja. Anatajwa kila wiki, kwenye magazeti ya udaku, kwenye vipindi vya burudani vya redio, kwenye televisheni za mtandaoni zinazowakimbilia mastaa na vipaza sauti uwanja wa ndege. Anatajwa kama mke wa fulani, mzazi mwenzake fulani, adui wa fulani. Kile anachokifanya kupata riziki, yaani kuuza picha ya maisha ya kifahari kwa mamilioni ya watu, hakiandikwi. Hakisifiwi wala hakihojiwi. Na hilo ni kosa la kihabari kabla halijawa kosa la adabu.

Zari alizaliwa Jinja mwaka 1980. Amewahi kuwa mwimbaji. Alihamia Afrika Kusini, akaolewa na Ivan Semwanga, na jina la familia hiyo likafungamana na vyuo vya Brooklyn City College. Sherehe zake za mavazi meupe zilikuwa gumzo Kampala, na mwaka 2015 alileta moja Mlimani City, Dar es Salaam. Hadi anaanza kuonekana na Diamond alikuwa mama wa watoto watatu wa kiume, mtu mzima aliyekwisha kujijengea jina kwenye nchi mbili. Msomaji wa Tanzania alitambulishwa kwake kana kwamba maisha yake yalianza siku alipopigwa picha na mwanamuziki.

Mei 2017 Semwanga alifariki hospitalini Pretoria. Walikuwa wameshatengana, lakini ni baba wa wanawe watatu. Maziko yake Kayunga, Uganda, yalizua mjadala mkubwa baada ya marafiki kumwaga fedha na mvinyo kaburini, na mjadala huo ulikuwa halali kabisa kwa sababu uligusa jinsi jamii inavyoiona fedha na heshima ya marehemu. Kilichouma ni kasi ya kumgeukia mwanamke. Marehemu akiwa bado hajazikwa, maswali yalikuwa ni nani atarithi vyuo, nani atakaa kwenye nyumba, na huyu mtalaka amekuja kufuata nini. Miezi miwili baadaye Zari alimzika mama yake mzazi. Mtu akipitia habari zake za mwaka ule atakuta mtu aliyefiwa mara mbili na kutangaziwa redioni mtoto wa nje, ndani ya miezi minne, lakini atapata shida kukuta makala moja iliyosimama hapo.

Februari 14, 2018 Zari alimaliza uhusiano mwenyewe. Aliweka ua jeusi la waridi Instagram na kutangaza kwamba ameachana na Diamond, akitaja heshima na utu wake, na kwamba wataendelea kuwa wazazi. Ilikuwa taarifa fupi, iliyopangwa vizuri. Habari zilizofuata zikawa kamari za kama atarudi.

Suala la umri ndilo linaloonyesha upogo huu waziwazi kuliko yote. Zari amemzidi Diamond miaka tisa, na mume aliyefunga naye ndoa mwaka 2023, Shakib Lutaaya, ni mdogo kwake kwa zaidi ya miaka kumi. Kwa hilo ameitwa bibi, ameitwa shuga mami, na wanaume wake wameitwa marioo. Mtu anaweza kudhani tatizo ni pengo la umri lenyewe. Basi na amtazame Jacqueline Ntuyabaliwe, Miss Tanzania wa mwaka 2000, aliyeolewa na mfanyabiashara Reginald Mengi mwaka 2015. Hapo mwanamume ndiye aliyekuwa mkubwa, kwa zaidi ya miaka 30, na lawama bado zilimwangukia mwanamke, safari hii kwa hoja kwamba anachuna buzi. Mengi alipofariki Mei 2019, na Mahakama Kuu ilipobatilisha wosia wake Mei 2021, kesi hiyo ilistahili kuandikwa kwa kina, kwa sababu ina mafunzo mazito kwa kila mwenye mali na familia zaidi ya moja. Sehemu kubwa ya mazungumzo ya mitandaoni ikawa kicheko juu ya mjane. Kwamba mjane huyo ana kampuni ya samani, Molocaho by Amorette, yenye michoro inayochota kwenye ufundi wa Kiafrika, wengi hawajawahi kusoma.

Mwanamke akiwa mkubwa, ni yeye. Akiwa mdogo, ni yeye. Mhariri anayeruhusu kichwa cha habari chenye matusi hayo anapaswa kuulizwa ni umri upi hasa mwanamke anaweza kupenda bila kutukanwa.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji hawaambiwi vya kutosha. Tangu mwaka 2018 Diamond ni mmoja wa wamiliki wa Wasafi Media, yenye televisheni na baadaye redio. Maana yake ni kwamba mwanamke huyu anajadiliwa katika soko la habari ambalo baba wa watoto wake wawili ni mmoja wa wenye soko. Haihitaji kudai kwamba mtu yeyote ameamrishwa kusema lolote. Mtangazaji wa kituo chochote anayezungumzia maisha ya familia ya mwajiri wake ana deni la kusema hivyo waziwazi mwanzoni mwa kipindi, kama vile mwandishi wa biashara anavyotakiwa kusema pale anapoandika kuhusu kampuni inayomiliki gazeti lake.

Watoto nao wamo. Sura zao zimechambuliwa hadharani, nani kafanana na nani, nani kachukua pua ya nani, tangu wakiwa wachanga. Wazazi wao ni kweli wamewaweka mitandaoni, na hilo ni swali la haki kabisa kuwauliza wazazi. Lakini mzazi kuposti picha ya mwanawe hakumpi mchambuzi ruhusa ya kujadili damu ya mtoto huyo mchana kweupe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake tangu 2019. Vyumba vya habari vingefanya vema kuzisoma kabla ya mtoto mmojawapo kukua na kuzitumia dhidi yao.

Wapo watakaojibu kwamba Zari mwenyewe ameyataka. Wana hoja, na haifai kuipuuza. Mwaka 2022 Netflix ilitoa Young, Famous & African, kipindi chake cha kwanza cha uhalisia (reality) kutoka Afrika, kikirekodiwa Johannesburg, na Zari na Diamond walikuwa miongoni mwa sura zake kuu. Msimu wa pili, mwaka 2023, uliingiza mvutano wake na Fantana, mwimbaji wa Ghana, na Diamond akiwa katikati tena. Ile hadithi ya wanawake wawili na mwanamume mmoja ambayo magazeti yaliitunga kwa nguvu mwaka 2017, sasa yeye mwenyewe alikuwa ndani yake mbele ya kamera, kazini. Kiki anaijua. Ana haki ya kuitumia, na umma una haki ya kuihoji.

Ndiyo maana ni pigo kwamba uchambuzi unaishia chumbani. Mtu anayeuza mtindo wa maisha ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara huulizwa maswali ya biashara. Zari amewahi kuwa balozi wa nepi na wa samani za nyumbani nchini Tanzania. Mama wa Mbagala anayeona picha ya nepi kwenye ukurasa wenye wafuasi mamilioni anastahili kujua kama picha ile imelipiwa. Mpaka leo mastaa wengi wa kanda hii huposti tangazo na picha ya familia kwa namna ileile, bila alama inayotenganisha, na dawati la burudani halina mazoea ya kuuliza. Likiuliza, litagundua kwamba huo ndio uchumi mpya wa matangazo, unaochukua fedha zilizokuwa zikienda kwenye magazeti yenyewe.

Vivyo hivyo vyuo. Baada ya kifo cha Semwanga, Zari alijitokeza kama msimamizi wa Brooklyn City College. Chuo ni mahali watu wanapoacha ada na miaka ya ujana wao. Je, kozi zake zimesajiliwa na mamlaka za elimu za Afrika Kusini? Wahitimu wanaajiriwa wapi? Uongozi ulibadilika vipi baada ya mwanzilishi kuondoka? Ni maswali ya kawaida ambayo mwandishi wa elimu angemuuliza mkuu wa chuo yeyote mwanamume, na majibu mazuri yangempa Zari sifa anayostahili, kama vile majibu mabaya yangempa lawama anayostahili.

Januari 2025 msimu wa tatu wa kipindi cha Netflix ulitoka, safari hii na mumewe akiwemo. Mahojiano yakarudi palepale: anampenda kweli, atamwacha lini, Diamond anasemaje. Swali la nani anamiliki haki za picha zake, mkataba wa mshiriki wa Kiafrika unatofautianaje na wa Marekani, na mastaa wachanga wa Kampala, Nairobi na Dar wanaoota kufuata njia hiyo wanapaswa kusaini nini na kukataa nini, bado linamsubiri mwandishi. Zari ana takriban miaka 20 kwenye kazi ya ustaa, na anaweza kuulizwa.