Watengeneza visu Mara waulize bei ya mkanda kabla ya mashine

FUNDI wa visu mwenye karakana ya nyumbani, awe Tarime mjini au Mugumu, anapokusanya mtaji wa mashine yake ya kwanza huanza na swali moja: inauzwa shilingi ngapi? Swali hilo ni halali, lakini halipaswi kuwa la kwanza. Mashine ya msasa wa mkanda, ambayo hunyoosha bapa la kisu na kukitoa makali, hununuliwa mara moja. Mkanda wake hununuliwa kila unapokwisha, na hapo ndipo mitaji midogo inapoyeyukia.

Soko la visu katika wilaya za Tarime na Serengeti lipo. Hizi ni wilaya za ng'ombe na mashamba, na mwenye bucha, mama lishe na mpishi wa kambi ya watalii wote hutumia kisu kila siku. Uhunzi nao si jambo geni mkoani Mara, kwani tangu zamani ulikuwa kazi ya koo chache zilizojulikana kwa ufundi huo. Springi za magari makuukuu zinatoa chuma kizuri cha kisu.

Hata hivyo, fundi wa nyumbani hawezi kushindana kwa bei na mapanga na visu vya viwandani kutoka China. Anachoweza kuuza ni makali yanayodumu na bapa lililonyooka. Aidha, visu vya jikoni na vya bucha vina soko salama zaidi kuliko vya porini. Kuingia na silaha katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti bila kibali ni kosa la jinai, na panga au kisu huhesabiwa kuwa silaha.

Machaguo ya fundi ni manne. La kwanza ni grinda ya mkono, ambayo ni rahisi kupatikana. Grinda ya milimita 115 huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika, hivyo hula chuma upesi na kukichemsha upesi vilevile. Inafaa kukata na kutoa umbo, lakini kunyoosha bapa kwa grinda hiyo kunahitaji mkono wa aina yake. La pili ni mashine ya mezani ya mawe mawili. Jiwe lake huacha shimo kwenye bapa, hupungua kipenyo kadiri linavyotumika, na likiwa na ufa linaweza kupasuka na kumjeruhi fundi.

La tatu ni mashine ndogo ya mkanda wa milimita 25 kwa 762. Hii ndiyo inayowavutia wengi kwa bei yake, lakini mota yake ni dhaifu na husimama ikikandamizwa. Ni mashine ya kunoa na kumalizia, si ya kuzalisha. La nne ni ile ya mkanda wa milimita 50 kwa 1,830, kipimo ambacho watengeneza visu wengi duniani hukitumia. Eneo la msasa wake ni karibu mara tano ya ule mdogo, hivyo huchelewa kuisha na hupata nafasi ya kupoa kabla ya kurudi kwenye chuma.

Hesabu ifanywe kwa kisu, si kwa mashine. Tuchukue mfano tu: mkanda mdogo uuzwe shilingi 5,000 na umalize visu viwili, na mkanda mkubwa uuzwe shilingi 15,000 na umalize visu kumi. Kisu cha kwanza kitakuwa kimebeba shilingi 2,500 za msasa, na cha pili shilingi 1,500. Kwa visu 40 kwa mwezi, tofauti ni shilingi 40,000, yaani shilingi 480,000 kwa mwaka. Kila fundi aweke bei za soko lake katika hesabu hiyo, lakini asiiruke.

Kwa sababu hiyo, mnunuzi amtake muuzaji aweke mezani mikanda ya akiba ya angalau namba tatu: 60 ya kukwangua, 120 ya kusawazisha na 240 ya kumalizia. Kama mikanda ya kipimo hicho haipatikani Tarime, Musoma wala Mwanza, na hakuna njia ya uhakika ya kuiagiza, mashine hiyo iachwe dukani hata ikishushwa bei.

Jambo la pili ni umeme. Nyumba nyingi zina umeme wa njia moja, na mota ya njia tatu haitafanya kazi hapo bila kifaa cha kubadilishia. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, wakati mashine zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia volti 120 na mizunguko 60. Kwa mkanda wa milimita 50, mota ya nguvu farasi 1.5 hadi 2 inatosha. Ya nguvu farasi 2 hutoa takriban kilowati 1.5, na ikifanya kazi kwa nguvu zake zote hula zaidi ya uniti moja na nusu kwa saa.

Mwendo nao una hesabu yake. Mota ya mizunguko 1,450 kwa dakika yenye puli ya milimita 150 huendesha mkanda mita 680 hivi kwa dakika. Ile ya 2,850 huendesha karibu maradufu. Anayeanza anafaa kushika ule wa polepole. Kisu kilichokwisha kuchomwa na kupozwa, kikigeuka rangi ya bluu kwenye msasa, kimefikia kama nyuzi 300 za Sentigredi na ugumu wa makali yake umepungua. Ndoo ya maji ikae karibu, na kisu kichovywe kila mara. Miwani na kinga ya vumbi viingizwe katika bajeti.

Kwa wengi, njia ya nafuu ni kuunda badala ya kununua. Fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza fremu ya mabomba ya pembe nne, na puli zikatengenezwa kwenye karakana yenye mashine ya kukereza. Mwenye mashine ya kusaga unga anajua tayari jinsi puli kubwa na ndogo zinavyobadili mwendo. Jambo lisilofaa kubanwa ni puli na beringi, kwani puli isiyo duara kamili hurusha mkanda.

Wanaofikiria kuvuka Sirari kwenda kununua Kenya wakumbuke kwamba umeme wa huko unakubaliana na wa hapa, lakini nafuu ya ushuru ya Afrika Mashariki ni ya bidhaa zenye asili ya jumuiya. Mashine ya China haigeuki kuwa ya Kenya kwa kupita Isebania. Ushuru uingizwe kwenye bei kabla ya safari.

Mwekezaji mdogo anayetaka kumkopesha fundi fedha za mashine naye asiulize mashine peke yake. Aombe kuona daftari la mikanda, likionyesha ulionunuliwa lini, kwa bei gani, na ulimaliza visu vingapi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika kazi ya visu mali hiyo huondoka ikiwa vumbi la msasa.